Kivuli Ndani ya Ngoro

Tandika, Temeke
4 Agosti 2024

Shangazi Demetria,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa jikoni na si shambani, ingawa nakujua. Mie mzima. Mdogo wangu Loveness pia mzima, bado yuko hosteli za Mabibo, na kila Jumamosi anakuja kwangu kupika maharage uliyotupa mwezi wa sita. Yamebaki nusu kisado, kwa hiyo sasa tunayapika kwa heshima. Watu wa hapa wanasema kuna baridi. Wewe ungecheka.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka nilipokuja Juni nilipanda kwenye lile jiwe kubwa na kamera, nikapiga mlima wenu na mashamba yake ya ngoro mteremkoni. Nilizipiga kwa kujifurahisha tu. Lakini mwezi uliopita alikuja studio mzee mmoja, Mzee Kinunda, Mmatengo wa huko huko, aliyeondoka nyumbani miaka thelathini iliyopita. Anafungua gesti Mbagala na anataka picha ya nyumbani ukuta mzima wa mapokezi, upana mita tatu. Bosi wangu Salumu alitaka kumwambia hatufanyi kazi hizo. Nikamwambia ninazo. Akanitazama, akasema, "Haya dogo, nakupa hiyo moja. Mzee akiikubali, unakaa kwenye kompyuta, mambo ya mandhari yote yako. Akiikataa unarudi kwenye pasipoti, na sitaki kusikia habari za milima tena."

Shangazi, nimepiga picha za pasipoti miaka mitano. Kidevu juu, usicheke, inayofuata. Naitaka kazi hii.

Nikueleze ninavyoitengeneza. Kamera haina jicho kama letu. Ikiona anga vizuri, ardhi inakuwa giza. Ikiona ardhi, anga linaungua, linabaki weupe mtupu. Kwa hiyo nilipiga picha tano za mahali palepale bila kusogea, kuanzia yenye giza hadi yenye mwanga mwingi, na kompyuta inaziunganisha kuwa moja ambayo kila kitu kinaonekana. Inaitwa HDR. Hakuna hata kona moja yenye giza.

Nimekutumia tatu kwa basi la Songea, saizi kubwa. Simu yako ya vitufe haiwezi kuzipokea, na picha ya ukutani lazima ihukumiwe kwenye karatasi. Niambie kweli: panaonekana nyumbani?

Mwanao,
Adelard


Litembo, Mbinga
21 Agosti 2024

Mwanangu Adelard,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Sisi wazima. Maharage tumeshavuna, si mengi, si haba. Jirani yangu Filomena, binti yake ameposwa na fundi wa pikipiki, Filomena anasema hampendi lakini ameshaanza kurekebishiwa pikipiki bure. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Mwambie Loveness asome, na asiloweke maharage kwa maji ya moto.

Picha zimefika. Hazikukunjika hata kidogo, kondakta amezitunza vizuri. Ni kubwa. Tumezitandaza mezani na watu wengi wamekuja kuziangalia. Wote wamesifu karatasi, jinsi ilivyo nene.

Rangi zipo nyingi sana. Filomena aliuliza ulikuwa nchi gani, lakini unajua macho yake.

Unauliza kama panaonekana nyumbani. Wazee wanasema mwaka huu mvua zitawahi, kwa hiyo tunatengeneza mapaa mapema.

Mungu akutunze.

Shangazi yako,
Demetria


Tandika
9 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na hongera kwa mbuzi na kwa Filomena. Huku nyumba ninayopanga wametuletea mpangaji mpya anayefuga kuku chumbani, na jogoo wake hajui saa za Dar, anawika saa saba mchana. Loveness amepata alama nzuri. Maharage yamekwisha.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mmesifu karatasi. Karatasi hiyo, Shangazi, tunainunua Kariakoo.

Mzee Kinunda alikuja tarehe 2. Nilimwekea picha kwenye meza kubwa. Alinunua soda, akainywa yote, akasema atarudi.

Salumu anasema tatizo ni kwamba sijakaza rangi. Yeye ni mtoto wa Dar, wateja wake ni maharusi na watoto wa ubatizo na akika. "Wateja wanapendaga rangi, bwana! Picha ikipoa haiuziki. Kaza!" Nikakaza. Majani yakawa mabichi zaidi, udongo ukawa mwekundu, anga likawa la zambarau upande wa juu. Salumu mwenyewe alipoiona akasema, "Dogo, mie nimezaliwa jirani na machinjio ya Vingunguti. Hata kule sijawahi kuona wekundu huu." Lakini akasema tuiache, labda Wamatengo wanapenda hivyo.

Naituma hiyo. Safari hii usinijibu kuhusu mvua.

Adelard


Litembo
20 Oktoba 2024

Mwanangu Adelard,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimekaa na barua yako wiki nne na ushee, na si basi lililochelewa, ni mimi. Hali zetu nzuri. Pikipiki ya Filomena sasa inawaka bila kusukumwa, na uchumba umekubaliwa.

Ulitaka kweli. Kaa chini basi.

Hakuna mtu hata mmoja aliyepatambua. Picha za kwanza Filomena alidhani ni za kalenda ya Ulaya. Mlima umeuzungushia mwanga mweupe ukingoni kote, kama taji la mtakatifu, na katekista aliuliza kwa upole kama kuna kitu kimetokea pale ambacho parokia haijaarifiwa. Hii ya pili, yenye zambarau, mzee mmoja aliishika, akaiinua, akaniuliza, "Demetria, wamepuliza dawa gani humu?"

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Wewe umekulia Temeke, huwezi kulijua. Umesema hakuna hata kona moja yenye giza. Ndiyo. Umetoa giza hata ndani ya mashimo. Ngoro ni shimo, mwanangu. Tunafyeka majani, tunayapanga mraba mraba, tunayafukia kwa udongo unaochimbwa katikati, na lile shimo ndilo linalozuia maji yasikimbie na udongo wote bondeni. Ukitazama mlima asubuhi, unazijua ngoro kwa vivuli vyake: kingo zina mwanga, ndani kuna giza. Umewasha taa ndani ya kila shimo. Sasa mlima wetu ni kitenge chenye madoa, umeanikwa.

Na maharage ya Juni si ya kijani. Juni yanapauka, majani yanadondoka. Unajua nina daftari ninaloandika kila siku tangu nilipomaliza kidato cha nne, na halisomwi na mtu. Marehemu mjomba wako hakulisoma. Lakini nakunakilia siku uliyopiga picha ili usibishane na mimi:

*Alhamisi 13 Juni. Ukungu hadi saa mbili na robo. Baadaye jua hafifu, anga jeupe kama maji ya mchele. Ngoro za chini maharage yamepauka, wiki mbili yavunwe. Adelard amepanda jiweni na mashine yake bila kunywa chai. Kuku mmoja hajarudi. Kipande cha juu bado.* ▬▬▬▬▬

Zambarau sikuiandika kwa sababu haikuwepo.

Nisamehe kwa kusifu karatasi. Sikutaka kukuvunja moyo, na nilikuwa na sababu nyingine ambayo ni yangu.

Shangazi Demetria


Tandika
6 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nilicheka kuhusu katekista hadi mwenye jogoo akagonga ukuta. Sasa na mie nikuambie nilichoficha. Mzee Kinunda alipomaliza soda yake hakusema tu atarudi. Alisema, "Kijana, nilikuomba Mbinga, umenipa Uswisi." Salumu alikuwa amesimama pale pale.

Nimeanza upya kabisa. Maneno ya daftari lako nimeyabandika pembeni ya kompyuta. Zile picha tano, mbili nimezitupa: ile yenye mwanga kupita kiasi, ndiyo iliyokuwa inawasha taa ndani ya mashimo, na ile yenye giza kupita kiasi. Ardhi nimeichukua kwenye ile ya kati, vivuli nimeviacha vilale. Anga nimelitoa kwenye picha moja tu yenye giza kidogo, nikaliunganisha na mlima kwa mkono, polepole, kwa brashi laini ya kwenye kompyuta, kufuata ukingo mti kwa mti. Taji la mtakatifu limetoka. Halafu nikakumbuka kitu cha kipuuzi ambacho sikuwahi kukifikiria: mwanga unatoka juu. Basi anga lazima liwe jeupe kuliko ardhi. Mie nilikuwa nimelifanya jeusi kuliko shamba ili mawingu yaonekane ya maana. Nimelirudisha kuwa maji ya mchele.

Kijani nimekipunguza na kukisogeza kuelekea manjano. Kila nikifika mahali nikaipenda, naichapa ndogo, naibandika mlangoni, naenda zangu kupiga pasipoti. Nikirudi baada ya saa mbili macho yamesahau, ndipo naona nilipozidisha. Siku zote nimezidisha. Nimepunguza mara tisa.

Salumu aliipita mlangoni bila kuitazama. Nikamwuliza mbona hasemi kitu. "Nilidhani ni dirisha," akasema, kisha akakasirika kwa kuwa alikuwa ameisifia.

Sasa kuna tatizo. Mie nilipiga mlima mzima, na kona ya juu kushoto ni kipande chako cha shamba, kile cha juu ya nyumba. Kwenye picha za mwanzo kijani kilikifunika. Sasa vivuli vimerudi kila mahali isipokuwa pale. Hakuna ngoro hata moja, ni majani tu, kama kiraka kwenye shati. Salumu anasema ninakili ngoro za pembeni nizipande pale, kazi ya dakika kumi, hakuna atakayejua. Mzee anakuja mara ya mwisho Jumamosi tarehe 7 Desemba. Akikataa, ndiyo basi.

Nipande? Na mstari wa mwisho wa daftari umeufuta kwa wino. Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nimeuona.

Adelard


Litembo
17 Novemba 2024

Adelard,

Tumsifu Yesu Kristo. Wazima wote.

Usipande kitu kwenye shamba langu.

Mstari niliofuta unasema: *Mguu unauma, sijamwambia mtu.* Machi niliteleza mteremkoni na mzigo wa majani, nyonga ikagonga jiwe. Ulipokuja Juni nilikuwa nakaa chini muda wote ukadhani ni heshima ya mgeni. Kipande cha juu ni mteremko mkali, sikuweza. Sikuomba msaada. Kwetu mwanamke hupimwa kwa ngoro zake, na mimi mama yangu alinifundisha kuzichimba nikiwa na miaka tisa. Niliwaambia watu kwamba naipumzisha ardhi.

Ulipoleta picha zako za Uswisi nilifurahi kwa siri. Kijani kila mahali, kiraka changu hakionekani. Ndiyo sababu nyingine niliyokuambia. Nilikuacha upotee miezi miwili ili mimi nisionekane, na wewe kazi yako ilikuwa inaning'inia. Hilo limenisumbua kuliko mguu.

Iache kama ilivyo. Ukiulizwa shamba la nani, sema.

Demetria


Tandika
9 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana kwa mguu. Loveness amelia, halafu akakasirika, halafu akanunua dawa ya kuchua ambayo utaikuta kwenye kifurushi hiki. Anasema asubuhi na jioni, na usimpe Filomena.

Jumamosi saa nne Mzee Kinunda alikuja na mkewe. Tulikuwa tumeichapa vipande vitatu, upana kamili, tukavibandika kwenye ukuta wa nyuma tunakopigia maharusi. Salumu alivaa shati la Idi.

Mzee hakununua soda. Alisimama mbali, akaenda karibu, akarudi mbali. Mkewe akasema kitu kwa Kimatengo, na yeye akaitikia "ee" moja ndefu. Kisha akanyoosha kidole kona ya juu kushoto.

"Hapa pana nini?"

"Majani, mzee," nikasema.

"Naona ni majani. Nauliza pana nini. Chini ngoro zimechimbwa na mtu anayejua kazi, kingo zimenyooka. Mtu huyo haachi kipande hiki hivi hivi. Amepatwa na nini?"

Kabla sijafungua mdomo Salumu akaruka. "Hapo pasikutie wasiwasi, mzee wangu! Dogo atapanda sasa hivi. Dakika kumi tu kwenye kompyuta!"

Mzee akamgeukia. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mkewe naye. "Mama yangu alichimba miaka arobaini," akasema. "Angejua kuna ngoro za dakika kumi!" Salumu hakuelewa, lakini kwa kuwa mteja anacheka, akacheka pia.

Mzee alipotulia akasema kwamba watu wawili kabla yetu walimletea picha za Mbinga, na zote zilikuwa mlima usio na mwenyewe. "Hapa kuna mtu. Ana shida, lakini yupo. Msiguse hata jani. Lini mnakuja kubandika?"

Ndivyo ilivyokuwa, Shangazi. Ameikubali. Leo ni Jumatatu, nimekaa kwenye kompyuta, na kwenye kiti cha pasipoti amekaa Salumu mwenyewe akimwambia mtu ainue kidevu.

Aliniuliza shamba ni la nani. Nilisema, kama ulivyoniruhusu. Akaandika jina lako na la kijiji nyuma ya risiti, akaitia mfukoni. Sikumuuliza kwa nini.

Mwanao,
Adelard


Litembo
30 Machi 2025

Mwanangu Adelard,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua nimekaa kimya tangu Krismasi. Dawa ya kuchua inafanya kazi, inanuka vibaya, na Filomena ameiba nusu. Harusi ni baada ya Pasaka, Loveness aje.

Ukimwona Mzee Kinunda, mwambie Demetria amemkasirikia. Amenitangaza. Wadogo zake na shemeji zake wa Maguu wamekuja hapa mlangoni bila taarifa, na mapanga na majembe, wanasema wametumwa na kaka yao wa Dar kwa ajili ya kona ya juu kushoto. Hivyo ndivyo walivyokiita kipande changu. Nikawauliza kushoto kwa nani? Hawakujua, wakaniomba niwaonyeshe.

Daftari linasema hivi, nakunakilia na safari hii sifuti kitu: *Alhamisi 13 Machi. Wanaume wanne, kipande cha juu kimefyekwa chote. Alhamisi 27 Machi. Wanawake watano na mimi. Nilikaa juu ya jiwe nikiwakosoa. Mama mmoja wa Maguu anachimba kingo zimepinda, nikamwambia, akaniambia nishuke nichimbe mwenyewe. Nikashuka. Nimechimba nne. Jumla ngoro sitini na mbili. Tumekula pamoja. Nimefurahi.*

Asubuhi hii jua lilipotoka nilisimama mlangoni na chai yangu nikatazama juu. Zote sitini na mbili zina vivuli vyake.

Kwa hiyo ile picha yenu ya ukutani Mbagala, ambayo tuliisumbukia miezi yote ile ili isiseme uongo, tangu Alhamisi inasema uongo. Mpe Mzee pole zangu.

Shangazi yako,
Demetria